Muhoro wa Ukutani

Kaka yangu ameutundika muhoro wa baba sebuleni kwake, Rwamishenye mjini Bukoba, kati ya picha ya harusi yake na kalenda ya parokia. Wifi yangu aliupaka vanishi, chuma na mpini, vyote viwili. Siku niliyouona pale kwa mara ya kwanza nilikuwa nimeshika kikombe cha chai, na nilikirudisha mezani bila kukionja. Wifi akadhani chai ni ya moto, akaniletea maziwa baridi.

Kwa asiyejua, muhoro ni panga fupi la migombani, pana, lenye ncha iliyokunjwa kwa mbele ili uvute jani kavu kutoka juu bila kuuumiza mgomba. Kwetu Muleba mwanamume akitoka asubuhi kwenda kibanjani, yaani kwenye shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba, anauegesha begani. Baba aliubeba hivyo maisha yake yote. Mpini wake ulikuwa umepasuka karibu na chuma, akaufunga kwa waya wa shaba, akauzungusha vizuri mpaka ukawa kama pete nene. Nilipokuwa mdogo nilipenda kuupitisha waya ule kidoleni wakati yeye anapumzika.

Baba alipofariki, siku ya kuondoa matanga, baba mdogo alimkalisha kaka kwenye kigoda cha marehemu mbele ya ukoo mzima, akamkabidhi mkuki na muhoro. Ndiye musika, mrithi mkuu. Ni desturi, na mimi sikatai desturi. Mimi nilipewa mama. Hivyo ndivyo ninavyosema siku zote, na mama mwenyewe hucheka akinisikia. Nilikuwa nimerudi nyumbani baada ya ndoa yangu kuvunjika, sina pa kwenda, kwa hiyo ukoo ukaamua nibaki na mama na nikiangalie kibanja mpaka kaka ajipange. Kaka ana kazi ya ofisini Bukoba, ana gari, ana nyumba yenye bati la rangi. Miaka inakwenda na bado anajipanga.

Sasa nisikilizeni. Sisemi nilitaka ardhi. Labda niliitaka, lakini sikuwahi kuitamka hata kwa padri. Nilichokitaka mimi ni ule muhoro. Mimi ndiye niliyekuwa naamka na umande kupunguza machipukizi, mimi ndiye niliyekuwa naweka nguzo migomba isilale kwa upepo, mimi ndiye niliyejua mgomba gani umezaa lini. Kwetu anayebeba muhoro wa nyumba ndiye mwenye kibanja, na kila mtu anajua hilo bila kuambiwa. Muhoro wenyewe ulikuwa mjini unaangalia televisheni, na mimi huku nakata kwa panga la kuazima.

Wivu ulinikaba, sifichi. Wifi alikuwa anaeleza jinsi wageni wake wote wanavyouliza habari za kile kitu cha kale, na mimi natabasamu huku roho inaniuma kama nimemeza mfupa. Nikatoka pale na neno moja moyoni: nitatafuta wangu, na utakuwa mzuri kuliko huo. Nilidhani ni jambo la kwenda dukani na kurudi.

Nilianzia Muleba mjini. Duka la vifaa vya ujenzi lilikuwa na mapanga yamening'inizwa mlangoni, ya rangi nyekundu, na stika ya dhahabu, na mpini wa plastiki. Mihoro hawakuwa nayo; muuzaji aliniambia siku hizi watu wanatumia panga tu. Akalipindisha moja mbele yangu, likakunjika, akaliachia likarudi. Akasema hiyo ndiyo springi yenyewe, mama, hutalijutia. Nikalinunua, na tupa ya kunolea nikanunua palepale.

Wiki haikuisha. Makali yalijikunja kwenye mgomba. Mgomba ni maji, jamani! Hata mtoto anaukata kwa kisu cha kumenyea ndizi. Panga linaloshindwa na mgomba lipewe kazi ya kupakia siagi. Nikachukua ile tupa nilinoe, na meno ya tupa yakaisha kabla makali hayajaanza kutokea. Ama kweli rahisi huvunja upishi.

Halafu kuna jambo la moto. Tangu ugonjwa wa mnyauko uingie kwenye migomba yetu, bwana shamba ametufundisha kwamba ukishakata shina moja, kabla hujagusa lingine, upitishe chuma kwenye moto, la sivyo unaupeleka ugonjwa kwa mkono wako mwenyewe. Kwa hiyo tunatembea kibanjani na moto kwenye kopo. Muhoro wa baba uliingia motoni na kutoka, ukapoa, ukaendelea. Lile panga langu jekundu, mara ya kwanza tu, mpini uliyeyuka ukaning'inia. Chuma chenyewe kilipopata moto kikazidi kuwa laini. Nililirudisha dukani nikiwa nimelishika kwa vidole viwili, na muuzaji akaniuliza kwa heshima zote ni nani aliyenituma kuweka panga motoni.

Nikasikia kwamba gulio la Ngenge lina vyuma vizuri, kwa sababu watu wa kule wanafyeka pori gumu na hawadanganyiki. Nikapanda pikipiki, nikashuka bondeni, nikafika nimekuwa mwekundu kwa vumbi. Mzee mmoja alikuwa ametandaza turubai lenye mapanga, mashoka na majembe. Nikafanya kama baba alivyokuwa akifanya: unalishika panga kwa kulining'iniza, unaligonga kwa kucha, unasikiliza. Chuma kizuri kinaimba kidogo. Yale yalikuwa kimya kama kibao cha kukatia nyama. Yule mzee aliniona, akanicheka kwa upole, akasema nimechelewa. Yaliyokuwa yanaimba yote yalichukuliwa na wachuuzi wanaovusha bidhaa kwenda Goziba. Wavuvi wa kisiwani wananunua bila kuuliza mara mbili.

Basi nikaanza kuwaonea wivu wavuvi wa Goziba. Watu nisiowajua, kisiwa nisichowahi kukikanyaga, na bado nilikuwa nakaa jikoni nikiwawaza wanapasua kuni za kukaushia samaki kwa panga ambalo lingekuwa langu. Mama aliponiuliza nina nini, nikamwambia moshi.

Nilikwenda Bukoba. Duka ambalo baba alinunua muhoro wake, la karibu na soko, sasa linauza vioo vya simu. Kwenye maduka mengine nilijifunza lugha mpya. Kuna feki, kuna feki nzuri, na kuna orijino. Na orijino nazo, muuzaji mmoja alinieleza kwa utulivu kabisa, zipo za kweli na zipo za kawaida. Nilimuuliza kama anazo za kweli. Akasema zilikuwepo.

Ugonjwa huu ulinipeleka pabaya. Kwetu mtu akifariki, majirani wanaume huja na majembe na sululu zao kuchimba kaburi, na zana zote zinalazwa pamoja kwenye nyasi. Mimi nilikuwa nakwenda msibani naomboleza kwa mdomo, macho yako kwenye nyasi. Nilijua jembe la nani limechongoka vizuri, nilijua shoka la nani lina mpini wa mti gani. Jirani yetu mmoja, Mlutheri, mtu mpole, ana sululu ambayo nikiiona hadi leo namshushia hadhi moyoni bila kosa lolote. Shangazi alinishika mkono siku moja akanong'ona kwamba marehemu yuko upande ule.

Mwisho nilirudi Rwamishenye bila kutafuta kitu. Mama alikuwa amenituma nipeleke mkungu wa ndizi kwa kaka, na nilipofika wifi alinipokea vizuri, akanikalisha palepale, uso kwa uso na ule ukuta. Safari hii alikuwa ameongeza maua ya plastiki, moja kila upande. Sikumaliza hata soda. Nikaaga kwamba pikipiki inanisubiri, nikatoka nikitembea bila kujua naelekea wapi, nikaingia duka la kwanza lenye kivuli. Lilikuwa duka dogo la misumari, ndoo na kamba.

Mwenye duka, mwanamke wa makamo, alikuwa amepiga magoti sakafuni anafungua boksi lililofungwa kwa mikanda ya plastiki. Alikuwa anaikata mikanda kwa muhoro. Hakuwa anavuta wala kusugua. Alikuwa anaugusisha tu, mkanda unaachia.

Nikasimama. Ukutani nyuma yake kulikuwa na mapanga mekundu yenye stika ya dhahabu, ndugu za lile langu, na yeye mwenyewe hakuligusa hata moja. Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho nilipaswa kukielewa tangu duka la kwanza. Usiulize muuzaji anauza nini. Tazama yeye mwenyewe anakatia nini.

Nikamwamkia, nikamwuliza kama ule anauuza.

"Huu ni wa duka, dada. Ya kuuza hayo hapo juu."

Nikamwomba niushike tu. Akanipa. Nikauning'iniza, nikaugonga kwa kucha, na ule muhoro ukaimba mpaka mwenye duka akainua uso. Akaniambia ulikuwa wa baba mkwe wake, aliyekuwa na duka kabla yao. Ulibaki peke yake kwenye shehena ya zamani, hapakuwa na wa kufanana nao, wakauacha wa kufungulia mizigo. Nikamwambia, muhoro kama huu kukatia maboksi ni dhambi. Akacheka. Nikamwambia nitaununua kwa bei atakayotaja, akakataa, kwa sababu yeye pia atakatia nini? Nikarudi wiki iliyofuata, akakataa. Nikarudi tena, akaniambia kwamba amewahi kuona wanawake wenye wivu wa mume, lakini mwenye wivu wa chuma ndiyo anamwona leo.

Kilichomlainisha ni senene. Mvua za Novemba zilikuwa zimefika, na senene walikuwa wanashuka kwenye taa za mji watu wakikimbizana nao mitaani, na yeye alikuwa amebanwa dukani tangu asubuhi, hana mtu wa kumkamatia. Alilalamika tu, kama watu wanavyolalamika. Mimi nilirudi Muleba, nikakamata, nikakaa na mama tukichambua mabawa na miguu mpaka vidole vikawa vya kijani, nikakaanga kwa chumvi kidogo kama inavyotakiwa, nikampelekea ndoo. Alipofungua mfuniko alionja mmoja. Kisha akasema, kwa neno letu la kubembelezana, "Bojo, umenishinda." Akaufuta muhoro kwa upindo wa kanga yake, akanipa kwa upande wa mpini.

Nilisafiri nao mapajani hadi nyumbani.

Mwaka uliofuata nilikuwa mtu mwingine. Muhoro uliingia motoni ukatoka, ukakata, haukuniomba tupa kila asubuhi. Utomvu wa ndizi uliupaka weusi taratibu, chuma kikawa cheusi, mpini ukawa mweusi mahali pa mkono wangu. Nilianza kuuegesha begani bila kukusudia. Wanaume waliokuwa wakipita njiani walikuwa wanapunguza mwendo. Baba mdogo, ambaye kibanja chake kinapakana na chetu, alikuja kuuomba kwa siku moja tu, nikamjibu alivyokuwa akijibu marehemu kaka yake, kwamba mke na muhoro haviazimwi. Alicheka, lakini niliona macho yake yalipobaki. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Kuonewa wivu ni chakula kitamu, na mimi nilikuwa na njaa ya muda mrefu.

Lakini mkiniuliza kama nilisahau ule wa ukutani, hapana. Nilikuwa na muhoro mzuri, na bado ule ulikuwa wa baba. Wangu ulinipa kazi iliyonyooka. Haukunipa jina. Kwenye ukoo kaka bado alishika mpini, mimi nimeshika makali, na kila nilipokuwa nakata mkungu nilikuwa najua nakata mkungu wa kaka.

Krismasi ikafika. Kwetu Krismasi hata mtu aliyepotea Dar es Salaam miaka hurudi kijijini, na kaka kutoka Bukoba tu angekosaje? Alikuja na gari, wifi, watoto, kreti za soda, na ule muhoro umeviringishwa kwenye kanga mpya. Alikuwa ametangaza kwenye simu kwamba mwaka huu yeye mwenyewe ataangusha mkungu wa sikukuu mbele ya ukoo, kwa muhoro wa baba, kama musika. Baada ya misa watu wakajaa uani: baba mdogo, shangazi, wajomba, majirani. Nyama inachemka, rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, inazunguka kwenye vibuyu. Kaka akavua koti, akaufungua muhoro wake kwenye kanga, akaulaza kwenye benchi. Pale kwenye benchi wangu ulikuwepo tayari, nilikuwa nimetoka nao kibanjani. Ikawa iko miwili, bega kwa bega, mmoja unang'aa kama kiatu cha bwana harusi, mwingine mweusi.

Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na benchi. Macho yake yana mtoto wa jicho, anaona mwanga na vivuli basi, lakini ndizi anamenya kwa mkono haraka kunishinda. Kaka akachuchumaa, akamwekea muhoro wa vanishi mikononi, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Mama, shika. Ujue nimekuja na mzee."

Mama akaushika. Akaunusa. Vanishi ile nadhani ilimpanda hadi kichwani, kwa sababu alikunja pua. Kidole gumba chake kikapita kwenye chuma, kikashuka kwenye mpini, kikafika kwenye ule waya wa shaba, kikasimama. Nilikiona kikisimama. Kisha akauweka chini, akapapasa benchi, akaupata wangu. Akaunusa huo pia, akaulaza mapajani kama mtu anayempokea mtoto.

"Huu ndio muhoro wa nyumba hii," akasema. "Hicho kingine ni pambo la dukani."

Baba mdogo akakohoa. Kaka akaniangalia mimi, akamwangalia baba mdogo, akainuka, na niliona uso wake unabadilika hatua kwa hatua. Akasema basi kumbe siku ya matanga alipewa wa bandia. Kumbe wa kweli ulifichwa kibanjani muda wote huu, na yeye anaonyesha wageni takataka. Ule waya wa shaba hakuwahi kuutazama, yeye na kibanja hawakuwahi kuzoeana. Baba mdogo akaanza kuapa kwamba aliutoa kwa mkono wake mwenyewe kutoka chini ya kitanda cha marehemu, halafu katikati ya kiapo akaanza kusita, maana mjane mwenyewe ndiye amesema, na nani anabishana na mjane kuhusu kitu cha mume wake?

Wote wakageuka kunitazama. Nilikuwa na la kusema, na lilikuwa fupi. Ningesema, huo mweusi ni wangu, niliutafuta kwa jasho langu, nendeni Rwamishenye mkaulize dukani. Lakini macho yangu yalikuwa kwenye mkeka, kwenye ule muhoro wa vanishi na waya wake wa shaba, umelala pale, hakuna anayeutaka. Niliona mlango umefunguka. Nilifikiri, mama yangu amezeeka, vanishi imemchanganya, na Mungu ameamua kunipa zawadi ya Krismasi. Nikafunga mdomo.

Kaka akauchukua wangu kutoka mapajani mwa mama. Hakunyakua, aliomba kwa heshima, "Waitu mama, nipe basi kilicho changu," na mama akauachia. Akaingia nao migombani, akaangusha mkungu kwa pigo moja, watu wakapiga vigelegele, wifi akapiga picha. Jioni waliondoka nao. Ule mwingine kaka aliusogeza kwa ncha ya kiatu, akaniambia nitumie huo, unafaa kwa kuni.

Jamani, nilivyofurahi! Nilingoja gari lipotee kwenye kona, nikauokota, nikaupitisha ule waya kidoleni kama zamani. Nilikwangua vanishi kwa kipande cha chupa siku nzima. Nikaunoa. Nikauegesha begani. Nilikuwa nimemshinda kaka bila kutukana, bila kikao, bila hata kusema neno.

Asubuhi iliyofuata niliingia nao kibanjani, na haukukata.

Nikanoa tena. Ukakata majani kidogo, ukafa. Nikaupeleka kwa mhunzi wa Muleba mjini, akaugeuzageuza, akanionyesha: mihoro ya zamani chuma chake kigumu kiko ukingoni tu, na baba alikuwa amekinoa miaka mingi mpaka akakimaliza chote. Kilichobaki ni mgongo. Mhunzi akasema mwenye muhoro huu alikuwa mtu wa kazi, na kwamba nikautundike tu ukutani.

Hapo wivu ulinirudia, na safari hii ulikuja na meno. Nilimwonea kaka wivu kwa kitu changu mwenyewe. Muhoro wangu, wa senene zangu, unaoimba, uko Rwamishenye kati ya maua ya plastiki, na wifi pengine ameshafungua kopo la vanishi. Na mimi niko hapa na mgongo wa chuma. Nilirudi nyumbani nikaona niongee na mama, maana kwa maoni yangu yeye ndiye aliyeniponza.

Nilimkuta jikoni anachambua maharage. Nikaanza kwa kulalamika juu ya chuma, nikaishia kumwambia kwamba alikosea, kwamba siku ile aliuchukua wangu akadhani ni wa baba.

Mama aliendelea kuchambua. Tulikuwa tunaongea Kihaya, na kwa Kihaya sauti yake ni ya chini zaidi.

"Nilikaa na baba yako tangu nikiwa mwali," alisema. "Unadhani siujui waya niliomshikia mimi mwenyewe siku anaufunga?"

Nikamwuliza, kama alijua, kwa nini alisema vile.

"Sikusema wa baba yako. Nilisema wa nyumba hii. Ukoo wote ulikuwepo, baba yako mdogo alikuwepo. Niliwaambia muhoro wa nyumba hii ni ule unaofanya kazi. Kilichobaki kilikuwa wewe kusema ni wa nani." Akapuliza maganda ya maharage kwenye ungo. "Nilisubiri, mwanangu. Niliushika pale mapajani kadiri nilivyoweza."

Akarudi kwenye maharage yake. Mimi nilibaki nimesimama mlangoni na muhoro wa baba begani. Kwa muda wote nilioishi kwenye kibanja kile nilikuwa nimemwonea wivu kaka, na wifi, na jirani mwenye sululu, na wavuvi wa kisiwani. Siku ile nilimwonea wivu yule mtoto wa kike ambaye mama alikuwa anamsubiri azungumze.